Muulize Upepo Kwanza: Kukodi Yoti na Kuchagua Bahari za Asia

Mtu anayetaka kukodi yoti Asia kwa kawaida huanza na picha. Ameona majabali ya chokaa yaliyosimama wima katikati ya maji ya kijani huko Thailand, au ufukwe wa mchanga wa waridi kule Komodo, Indonesia, na papo hapo anauliza bei. Swali la lini huliacha mwisho, tena hulijibu kwa kutazama likizo ya watoto. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Katika bahari zile, lini ndiyo inayoamua wapi, na wapi ndiyo inayoamua chombo gani. Hayo matatu yakishakaa sawa, ndipo bei inapoanza kuwa na maana.

Sisi wa mwambao tuna bahati katika jambo hili, na inanisikitisha tunavyoisahau. Neno letu msimu limetoka kwenye Kiarabu, na Wamalei na Waindonesia nao wanalo: musim. Wareno walilisikia neno hilohilo katika Bahari ya Hindi, wakalipeleka Ulaya, likawa jina la pepo zenyewe. Nahodha wetu kule anaitwa nakhoda. Mkuu wa bandari ni syahbandar, neno la Kiajemi lililosafiri na majahazi. Maneno haya yote yalibebwa na vyombo vilivyokuwa vikingoja upepo mmoja. Mzee wa Unguja au Mombasa aliyezoea kuona kaskazi ikileta majahazi ya Ghuba na ya Bara Hindi, kisha kusi ikiyarudisha kwao, angekaa na nahodha wa Phuket, kisiwa cha Thailand, wakaelewana bila shida.

Basi tuanze na upepo.

Kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bara la Asia hupoa kuliko bahari, na hewa nzito huvuma kutoka huko kuelekea kusini magharibi. Kwetu hiyo ni kaskazi. Kwa Bahari ya Andaman, yaani pwani ya magharibi ya Thailand na ya kaskazini mwa Malaysia, upepo huo hufika ukiwa umepita juu ya nchi kavu. Mvua yake umeimwaga upande wa pili, na rasi ndefu ya Thailand na Malaysia inaukinga usiinue mawimbi. Ndiyo maana Desemba hadi Aprili Phuket huwa na maji tulivu na mbingu safi. Ikifika Mei mambo hugeuka. Bara limepata joto, hewa inavutwa kutoka baharini, na upepo wa kusini magharibi unaipiga pwani ya Andaman uso kwa uso baada ya kuvuka bahari pana isiyo na kizuizi. Huja na mawimbi marefu, mvua nzito na dhoruba za ghafla hadi Oktoba.

Hili si suala la kulowa tu. Hifadhi za visiwa vya Similan na Surin, ambazo ni fahari ya Thailand kwa wapiga mbizi, hufungwa kila mwaka kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba. Tarehe 5 Julai 2018 boti ya watalii iliyoitwa Phoenix ilikuwa ikirudi Phuket ilipokumbwa na dhoruba ikapinduka, na watalii 47 kutoka China wakafa. Mtu akikuambia kwamba bei ya Julai iko chini sana kuliko ya Januari, amesema kweli. Ila hajakwambia kwa nini.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Upepo uleule unaoipa Phuket jua la Desemba ndio unaoinyeshea Koh Samui. Samui iko upande wa pili wa rasi, kwenye Ghuba ya Thailand, na upepo wa kaskazini mashariki ukishavuka maji ya ghuba hiyo huwa umebeba unyevu wa kutosha. Mvua kubwa za Samui ni za Oktoba hadi Desemba. Kinyume chake, Julai na Agosti, wakati Andaman imechafuka, upande wa Samui huwa na siku nyingi nzuri. Kwa hiyo mtu anaposema “Thailand mwezi wa kumi na mbili”, bado hajasema kitu. Aseme pwani ipi.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, ningemwambia aanzie Phuket, mwezi wa Januari au Februari, na siku za mwanzo azitumie katika Ghuba ya Phang Nga. Ghuba hiyo iko kaskazini mashariki mwa Phuket, maji yake si ya kina kirefu, na imejaa visiwa vya chokaa vilivyotobolewa na maji kwa zama nyingi. Ndani ya baadhi ya visiwa mna nafasi zilizo wazi juu, ambazo Wathai huziita hong, yaani chumba. Mnashuka kwenye yoti, mnaingia kwenye kayaki, mnaufuata mwanya mweusi kwenye ukuta wa jabali. Maji yakijaa sana mwanya hufunikwa. Yakitoka sana mnakwama kwenye tope. Katikati ya hapo kuna muda mfupi wa kupita, na wakati mwingine mnalazimika kulala chali ndani ya kayaki, mwamba ukipita juu ya pua zenu na chaza walioganda kwenye mawe wakiwa wakali kama wembe. Taa ya mwongozaji inamulika popo. Kisha giza linafunguka: mko katikati ya kisiwa, kuta pande zote, mbingu juu, na mbele yenu mikoko imesimama kimya kwenye maji. Mtu aliyekulia Lamu au Rufiji akiiona mikoko mahali kama pale, hutulia kwanza kabla ya kutoa simu.

Nahodha anayejua kazi yake huipanga siku nzima kufuata kupwa na kujaa, ili awafikishe pale kwa saa yake na kabla boti za watalii wa siku moja hazijawasili. Hapo ndipo tofauti ya kukodi yoti na kununua tiketi ya boti ya matembezi inapoonekana. Nahodha huyo pia atakwambia kwamba Ghuba ya Maya, kwenye visiwa vya Phi Phi, ilifungwa mwaka 2018 kwa sababu matumbawe yake yalikuwa yameharibiwa na wingi wa boti na watu, ikafunguliwa tena Januari 2022, na kwamba sasa boti haziruhusiwi kuingia ndani ya ghuba yenyewe. Mnateremkia upande wa nyuma wa kisiwa na kwenda kwa miguu. Ukiletewa ratiba inayosema “tutatia nanga Maya”, ujue aliyeiandika hajafika huko siku nyingi.

Kusini ya hapo, kama maili 120 za baharini kutoka Phuket, kiko Langkawi cha Malaysia. Ni kundi la visiwa 99, na wenyeji wanahesabu zaidi maji yanapokupwa. Tangu 1987 ni eneo lisilotozwa ushuru, na ndiyo sababu yoti nyingi hupenda kujaza mahitaji yake pale. Safari ya kutoka Phuket hadi Langkawi kupitia Koh Lipe ni nzuri sana kwa wiki moja. Mambo mawili tu uyajue mapema: mnavuka mpaka, kwa hiyo pasipoti na viza za nchi zote mbili ziwe tayari, na chombo kikibaki Langkawi mwenyewe atakudai gharama ya kukirudisha Phuket.

Sasa tuvuke ikweta, maana huko hesabu hugeuka.

Komodo iko kama nyuzi 8 kusini mwa ikweta, kati ya visiwa vya Sumbawa na Flores. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa huko hutoka kusini mashariki, upande wa bara kavu la Australia, na ni ndugu wa kusi yetu kabisa: hauna mvua nyingi, unavuma kwa mpango, na jioni huleta ubaridi. Wakati huo ndio msimu wa Komodo. Ukienda Aprili au Mei utakuta vilima bado vina majani mabichi ya mvua iliyopita. Ukienda Agosti vimekuwa rangi ya mchanga, kama mbuga ya Serengeti wakati wa kiangazi, ila vimezungukwa na bahari ya buluu. Binafsi nauchagua mwisho wa Aprili. Hifadhi ya Taifa ya Komodo ilianzishwa 1980, ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1991. Mnyama wake ni kenge, ndiyo, kenge yuleyule wa mitoni kwetu, ila huyu hufikia mita 3 na huua nguruwe mwitu na nyati. Haendewi bila askari wa hifadhi.

Kinachoifanya Komodo iwe ya pekee chini ya maji ndicho pia kinachoifanya iwe ya hatari. Maji ya Bahari ya Pasifiki yanasukumwa kuingia Bahari ya Hindi, na visiwa vya Indonesia ni kama ukuta wenye mianya michache. Milango ya bahari kati ya visiwa vya Komodo ni mojawapo ya mianya hiyo. Ongeza bamvua la mwezi mpevu, na mkondo unaweza kufika maili 8 kwa saa mahali penye wembamba. Yoti nyingi za matanga mwendo wake wa kawaida haufiki hapo. Mkondo huo ndio unaoleta chakula kwa samaki taa wakubwa (manta) na matumbawe, na ndio unaoweza kumchukua mpiga mbizi akaibukia mbali na alipotarajiwa. Kwa hiyo Indonesia si mahali pa kukodi chombo kitupu na kukishika usukani mwenyewe, hata uwe na vyeti vyote. Unakodi pamoja na nahodha na mabaharia waliozaliwa humo.

Na chombo chenyewe, nakusihi, kiwe phinisi. Hizi ni merikebu za mbao za Sulawesi Kusini, zenye milingoti miwili na kwa desturi matanga saba, ambazo Wabugis na Wamakassar walizitumia kubeba mbao, mchele na viungo kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mwaka 2017 UNESCO iliutambua ufundi wake kama urithi wa utamaduni. Zinaundwa ufukweni, Tana Beru na Bira, bila gati wala karakana ya chuma. Fundi huanza na mkuku, kisha hupandisha mbao za ubavuni moja juu ya nyingine akiziunga kwa vigingi vya mti, na mataruma, yaani mbavu za ndani, huingia baadaye kufuata umbo ambalo mbao zimeshalichora. Michoro ya karatasi ni ya mteja. Kipimo halisi kimo kichwani mwa fundi mkuu. Ukisimama kando ya ubavu wa chombo kikubwa namna hiyo, ukasikia nyundo za mbao zikigonga vigingi kwa zamu, na harufu ya mbao mbichi ikichanganyika na mwani uliokauka, utakumbuka wale wanaounda majahazi Lamu na Pemba. Phinisi za siku hizi zina injini, viyoyozi, mabafu ya marumaru na mpishi, na tanga hutandazwa zaidi kwa ajili ya kupendeza. Lakini chombo ni chao, na pesa yako inabaki kijijini kwao kwa sehemu kubwa kuliko ungelipanda boti ya fibaglasi iliyoundwa Ulaya.

Ikifika Oktoba, phinisi nyingi huanza kuhama. Zinaiacha Komodo kabla mvua za kaskazini magharibi hazijafika na kuelekea Raja Ampat, kwenye ncha ya Papua, ambako msimu ni Oktoba hadi Aprili. Raja Ampat iko karibu na ikweta, na mvua hunyesha mwaka mzima; kinachowafukuza mabaharia Juni hadi Septemba ni upepo wa kusini unaochafua bahari. Hapo ndipo kitovu cha eneo linaloitwa Pembetatu ya Matumbawe, ambamo mna takriban robo tatu ya aina zote za matumbawe yanayojulikana duniani. Jina lenyewe maana yake ni wafalme wanne, yaani Waigeo, Batanta, Salawati na Misool. Unaingilia mji wa Sorong, na kufika tu ni safari ya ndege ya ziada kutoka Jakarta au Makassar.

Njiani kati ya misimu hiyo miwili, zile wiki chache ambazo upepo umekatika na mwingine haujashika, vyombo hupita Bahari ya Banda. Safari hii haimo katika vipeperushi vingi, na kwangu ndiyo bora kuliko zote kwa mtu wa Unguja. Visiwa vya Banda ndivyo vilivyokuwa shina pekee la kungumanga duniani, na Waholanzi walimwaga damu nyingi ili waimiliki biashara yake. Kwa mkataba wa Breda wa 1667 Waingereza walikiacha kisiwa kidogo cha Run, nao Waholanzi wakaiacha Manhattan. Kaskazini yake, Ternate na Tidore, ndiko asili ya karafuu, zao ambalo lilipitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi kabla ya kufika Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19. Uchumi mzima wa Zanzibar ulikuja kusimama juu ya mti uliotoka huko. Kutia nanga chini ya volkano ya Gunung Api, ukateremka Banda Neira na kukuta kungumanga zimeanikwa juani kwenye mikeka, ni kama kufika kijiji cha ukweni ambacho hukujua unacho.

Sehemu nyingine nitazipitia haraka. Maldives ina visiwa 1,192, na bahari yake ni tulivu zaidi Desemba hadi Aprili. Lakini anayewatafuta taa wakubwa wa Hanifaru, katika Baa Atoll, aende Mei hadi Novemba, kwani upepo wa kusi ndio unaowaletea chakula. Pombe na nguruwe haviruhusiwi kuingizwa nchini, na visiwa vya wenyeji vina masharti ya mavazi. Ufilipino, hasa Palawan, ni nzuri Desemba hadi Mei, na Machi hadi Mei ni bora zaidi kwa sababu upepo wa kaskazini mashariki, amihan, umepungua. Coron ina meli za Wajapani zilizozamishwa Septemba 1944, na sasa ni makazi ya samaki. Juni hadi Novemba ni wakati wa vimbunga na sitamshauri mtu yeyote. Visiwa vya Mergui vya Myanmar, takriban 800, vilikuwa ndoto ya kila nahodha wa Phuket, lakini tangu mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021 ni lazima uulize bima kabla ya kuuliza bei. Ha Long ya Vietnam ni ya majonki, merikebu za matanga za kienyeji, ya kulala usiku mmoja au miwili.

Tuingie kwenye pesa, maana hapa ndipo watu huumizwa.

Kuna namna tatu za kukodi. Ya kwanza ni chombo kitupu: unapewa ufunguo, wewe ndiye nahodha, na kampuni itataka kuona vyeti au historia ya safari zako. Inafaa Phuket na Langkawi, kwa katamarani ya kawaida (chombo chenye mabodi mawili sambamba) na watu wanaojua bahari. Ya pili ni chombo hicho hicho pamoja na nahodha wa kuajiriwa, na pengine mpishi. Ya tatu ni yoti kamili yenye mabaharia wake, na ndiyo inayostahili kuitwa ya kifahari. Zaidi ya mita 24 huhesabiwa yoti kubwa, na yoti za kimataifa kwa kawaida haziruhusiwi kuchukua abiria zaidi ya 12, kwa sababu kisheria zikizidisha hapo zinakuwa meli za abiria. Familia ya watu 14 ikiambiwa “tutawabana tu”, ikatae.

Bei nayo ina lugha mbili, na nimeona watu wenye akili zao wakilinganisha ya lugha moja na ya nyingine. Phinisi nyingi hutaja bei inayojumuisha chakula, mafuta, mabaharia na mara nyingi upigaji mbizi, huku ada za hifadhi, vinywaji na ndege za ndani zikibaki juu yako. Yoti za kimataifa hutumia mkataba wa aina nyingine, unaofuata mfano wa chama cha madalali kiitwacho MYBA. Humo bei iliyotajwa ni ya chombo, mabaharia na bima ya chombo peke yake. Chakula, mafuta, ada za bandari na vinywaji vinalipiwa kutoka kwenye fungu la matumizi unalotanguliza, ambalo huwa kati ya asilimia 25 na 40 ya bei ya kukodi. Chombo cha matanga huhitaji kidogo. Chombo cha injini huhitaji zaidi, kwa kuwa kuongeza mwendo maradufu huzidisha mafuta mara nyingi kuliko maradufu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Yoti ya Phuket imetajwa dola 60,000 kwa wiki. Fungu la matumizi la asilimia 30 ni 18,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya Thailand, asilimia 7, ni 4,200. Bakshishi ya mabaharia, tuseme asilimia 10, ni 6,000. Jumla imefika dola 88,200 kabla hujapanda ndege. Mkiwa watu kumi kila mmoja anabeba 8,820. Aliyegawa 60,000 kwa kumi na kuwatangazia wenzake 6,000 kwenye kundi la WhatsApp ana kazi ya kueleza.

Fungu la matumizi si pesa ya nahodha. Ni yako, ameishika kwa amana. Anaandika kila kitu, anatunza risiti, na ungali unaweza kumwomba daftari siku yoyote. Mwisho wa safari kilichobaki kinarudi kwako, na kikiisha katikati utaombwa kuongeza. Mimi ningeuliza hesabu siku ya tatu, kwa adabu, mbele ya chai ya jioni. Nahodha mzuri hafurahii kushtukiza mgeni siku ya mwisho.

Kwa kawaida nusu ya bei hulipwa wakati wa kutia sahihi na nusu nyingine pamoja na fungu la matumizi kama mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Uliza pesa inakaa wapi muda huo. Dalali wa kuaminika huiweka kwenye akaunti ya amana, haimpi mwenye chombo mpaka safari ianze. Kisha omba nakala za mambo mawili: usajili unaoonyesha kwamba chombo kinaruhusiwa kufanya biashara ya kukodishwa katika nchi hiyo, na bima inayotaja biashara hiyo. Wapo wenye yoti za binafsi wanaokodisha kimyakimya kwa bei ya kuvutia. Siku ya ajali bima yao huwa haina kazi, na mamlaka zikikikamata chombo likizo yako inaishia gatini.

Kwa phinisi ongeza maswali ya moto, maana ni mbao. Vyumba vya chini vina njia mbili za kutokea? Ving'ora vya moshi vipo na vinafanya kazi? Nani anakesha usiku? Simu na betri za kamera zichajiwe sebuleni penye mtu macho, si chumbani mkiwa mmelala. Dalali akikereka kwa maswali hayo, tafuta mwingine.

Mtaletewa fomu ya mapendeleo, na wengi huijaza ovyo. Hiyo ndiyo barua yenu kwa mpishi. Andikeni chakula halali kama mnakitaka, na kama hamtaki pombe ndani ya chombo semeni wazi. Malaysia na Indonesia jambo hilo ni la kawaida kabisa. Andikeni nani hajui kuogelea, nani ana pumu, bibi anapanda ngazi au hapandi. Wenye wazee na watoto wadogo wachague katamarani, kwa sababu hailali upande mmoja wala haiyumbi sana ikiwa imetia nanga. Na wasafiri kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wasisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Thailand na nchi jirani huidai, na bila kadi hiyo unaweza kuzuiwa uwanja wa ndege huku yoti yako ikiwa imewasha jenereta inakungoja.

Jambo la mwisho kwenye mkataba ni lile ambalo wateja wenye pesa hulipinga sana: nahodha ana haki ya kukataa. Ratiba mliyokubaliana ni nia tu. Akisema leo hatuendi Similan, hamwendi, na hali mbaya ya hewa kwa kawaida hairudishi pesa. Nahodha wengi chombo huenda mrama, na aliyelipia wiki nzima asijifanye wa pili.

Na juu ya nahodha yuko mwingine. Labuan Bajo, bandari ya kuelekea Komodo, hakuna chombo cha watalii kinachotoka bila kibali cha syahbandar, na msimu wa mvua hutokea akavisimamisha vyote kwa siku kadhaa. Asubuhi kama hiyo phinisi huwa zimepangana ghubani, matanga yamefungwa, moshi wa jikoni ukipanda taratibu, na wageni wako sitahani wakitazama milima iliyofunikwa na wingu. Waliokata tiketi ya ndege ya kurudi kwa siku ileile ya mwisho wa mkataba hushika simu. Walioacha siku mbili za akiba huagiza kahawa nyingine, na mpishi huteremka sokoni kununua samaki.